Ziwa la Kushoto

Blauzi ilikataa. Niliikata mwenyewe, nikaishona mwenyewe kwa cherehani yangu pale barazani kwangu, mtaani Kimanga, kwa kitambaa cha maua ya njano nilichokitunza kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, na tangu nianze ushonaji hakuna nguo niliyojipimia ikathubutu kunikataa. Upande wa kulia ulikaa vizuri. Upande wa kushoto ukavuta. Nikafumua, nikashona upya, ukavuta tena. Nikautukana uzi, nikautukana mkasi, nikamtukana mwenye duka la vitambaa ambaye hakuwepo hata kujitetea. Mwishowe nikaingiza mkono kunyoosha kitambaa kwa ndani, na vidole vikagota kwenye kitu kigumu, kidogo kama punje ya haragwe, kimejibanza karibu na kwapa.

Wengine husema waliogopa. Mimi nilikasirika! Sikukuu ilikuwa kesho yake, ya mwisho kabla waasi hawajaingia mjini, ingawa hatukujua kuwa ni ya mwisho, na nilikuwa nimepania kucheza mpaka miguu igome. Nikapanua blauzi upande ule kwa kipande kingine, nikaivaa, nikaenda. Shule zilipita na bendera, ngoma za bondeni zikashindana na ngoma za mlimani, akina mama wa kanisa letu wakaimba hadi sauti zikawakauka, na mimi katikati yao nikirusha mikono yote miwili, haragwe na yote. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto wanne, na mume karani wa serikali. Furaha ya siku ile nikiikumbuka hata leo natamani kusimama.

Kwa ajili ya sikukuu hiyo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alishuka kutoka Rurambo alikoolewa kwa wafugaji wa milimani. Kwetu tunaitana bulamu, yeye kwangu na mimi kwake. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na maneno machache ni kitu ambacho sijawahi kukielewa kwa mtu. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Akanimiminia kikombe cha kwanza, akanipa kwa mikono miwili. Hakuonja.

Huku kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Mwenye pombe hunywa funda moja, mwenye maziwa hivyohivyo, ili ujue hakuna kitu ndani. Ni adabu ndogo tu, hata mtoto anaijua, kwa sababu kuanzia ziwani hadi juu milimani kila mtu anaogopa karuho, sumu ile ya polepole inayommaliza mtu kwa miezi bila haraka yoyote. Mimi nilikunywa, maana mbele ya wageni utafanyaje, lakini nikaliweka moyoni.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi, maana wakati ule niliiona ni akili kubwa sana. Kwetu titi la mama tunaliita ziwa, na yakiwa mawili ni maziwa. Kinachokamuliwa ng'ombe nacho ni maziwa. Basi sumu iliyotiwa kwenye maziwa itakwenda wapi mwilini kama si kwenye maziwa? Imefuata jina lake! Nilipolipata hilo nilipiga makofi peke yangu mbele ya cherehani. Nilimweleza mume wangu jioni hiyohiyo. Akasema kwa upole wake, "Lakini weye ulipata ile kintu mbele ya kunywa."

Ni kweli, blauzi ilikataa siku moja kabla ya sikukuu, na maziwa niliyanywa siku ya sikukuu yenyewe. Nikamwambia karani hajui mambo ya sumu, kwamba sumu kali hutanguliza mjumbe. Akaenda kulala. Nikahesabu kuwa nimemshinda.

Nikawaambia majirani, nikawaambia na wateja. Kushona ni kazi ya mikono, mdomo unabaki huru, na baraza langu lilikuwa njiani kwa kila aendaye sokoni. Kabla mvua hazijaanza, Kimanga nzima ilijua kwamba bulamu wangu wa Rurambo anatia karuho kwenye maziwa, na kwamba karuho yake inashika ziwa. Neno likapanda mlima pamoja na wachungaji waliokuja kuuza ng'ombe. Wifi hakushuka tena.

Hospitali? Nani aende! Mwenye karuho hachomwi sindano. Hilo tulilijua wote, na wapo wanaolijua hadi leo: sindano ikikutana na sumu ndani ya damu, mtu anakufa muuguzi hajamaliza hata kuichomoa. Kwa hiyo nilikwenda kijijini kwetu Lubarika, kwa bibi mmoja mwenye majani ya kutapisha. Nilitapika siku tatu. Siku ya tatu bibi akakoroga matapishi kwa kijiti, akaona kitu cheupe, akapiga kelele, "Unaona? Ile njo maziwa inatoka!" Nikashangilia pamoja naye. Nilikuwa nimekula ugali wa muhogo. Nikarudi mjini mwepesi, nikatangaza barazani kwamba nimepona, na ile punje ya haragwe ikaendelea kukua mpaka ikawa ndimu.

Ndipo waasi wakaingia. Najua walichofanya baadaye, na wapo watu niliowalilia kwa sababu yao, lakini nikisema wiki ile ya kwanza haikunisisimua nitakuwa mwongo. Mji mzima ulikuwa barabarani! Vijana wamejifunga majani kichwani, wengine wamevaa ngozi, wanakimbia badala ya kutembea, wanasema wamenyunyiziwa dawa na risasi ya adui ikiwafikia inageuka maji. Mume wangu, kwa kuwa alikuwa karani wa serikali, alikuwa amekwisha kuvuka mto Ruzizi kwenda Burundi na nguo alizovaa. Nilibaki na watoto, cherehani na ndimu yangu.

Jirani yangu mkunga alikuwa ameliona ziwa langu nikioga. Kila asubuhi alikuja na wimbo uleule, "Enda kwa misheni wakutoshe hiyo kintu. Asistan bado iko." Kutosha, kwetu, ni kuondoa, na asistan ni yule Mkongomani aliyefunzwa upasuaji na madaktari wa Kizungu. Wao walipokimbia baada ya uhuru, yeye alibaki na visu vyao, na waasi nao hawakumgusa kwa kuwa walimhitaji. Hospitali yenyewe ilikuwa kusini mwa mji, nusu siku kwa miguu kando ya maji. Nilimjibu mkunga siku zote neno moja, sindano.

Lakini asubuhi moja, nikiwatazama vijana wakipanga mstari kunyunyiziwa, wazo lilinijia kwa nguvu mpaka nikaacha nguo ya mteja chini ya sindano ya cherehani. Kama maji yale yanashinda risasi, yatashindwaje na sindano? Nikajifunga kitenge, nikaenda. Dawa yao ilishikwa na mama mmoja mnene aliyekaa na ndoo yake kwenye baraza la ofisi ya mume wangu. Nikapanga mstari na wapiganaji, na hakuna aliyenicheka, maana nilikuwa nimeweka uso wa vita.

"Mama, nyunyizia minye pia," nikasema zamu yangu ilipofika.

"Unaenda kupigana?"

"Hapana. Naenda kuchomwa sindano."

Alifikiri. Nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo. Kisha akachovya majani kwenye ndoo, akaninyunyizia kichwani na kifuani, akanipa masharti: nisigeuke nyuma njiani, nisiguswe na mwanaume, na nikiona chuma kinakuja nipige kelele, "Maji!" Nikawaacha watoto kwa mkunga, nikashika njia siku hiyohiyo, kabla akili haijabadilika.

Nje ya mji kulikuwa na kizuizi cha kamba. Kijana mwenye unyoya kichwani akanisimamisha kwa mkuki.

"Unaenda wapi weye, mama?"

"Niko naenda ku hospitali. Wanaenda kunitosha ziwa."

Kijana akaruka nyuma, akawageukia wenzake. "Munasikia? Kuko watu wanataka kutosha ziwa!" Wakainuka wote. Mmoja akauliza linapelekwa wapi, mwingine akasema lazima ni Wazungu, wa tatu akanyoosha panga kuelekea Tanganyika yote ilivyolala pale inang'aa, akapaza sauti, "Ziwa ni ya wananchi! Hakuna muntu atalitosha!" Wakaitikia. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikacheka na ndimu ikiniuma. Kisha, kwa kuwa hawakuelewa maelezo, nikafungua kitenge nikawaonyesha ni ziwa gani. Masharti yao yaliwakataza hata kutazama mwili wa mwanamke, basi waligeuza nyuso wote kwa pamoja, wakatazama mlima, na mmoja akainua kamba bila kuangalia. Nikapita.

Asistan alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, karuho, maziwa, ugali wa bibi, ndoo, masharti, vyote. Hakunicheka hata mara moja. Alipapasa ziwa, akapapasa kwapa muda mrefu, akasema tuna bahati, kwapani bado ni pasafi. Kuhusu kuguswa na mwanaume alisema saa za kazi yeye si mwanaume. Kisha akashika sindano, na mimi nikarudi nyuma hadi ukutani.

"Mama," akasema, "ile maji ya ndoo inageuza risasi kuwa nini?"

"Kuwa maji."

Akasukuma sindano kidogo, tone likaruka hewani. "Basi tazama. Yangu iko maji tangu mwanzo. Itageuka nini tena?"

Sijui kama mtu mwingine amewahi kucheka kwenye chumba kile. Nilicheka kwa sauti, na kabla sijafunga mdomo alikuwa amekwisha kunichoma. "Maji!" nikapiga kelele, nimechelewa. Nikangoja kufa. Nikafumba macho, nikasali sala fupi, nikangoja tena. Sikufa! Nilichosikia ni kaumivu kadogo, kisha hasira kubwa, kwamba mwaka mzima nimekikimbia kitu hiki.

Nilipozinduka, ziwa la kushoto halikuwepo na kifua kilikuwa kinawaka moto. Jambo la kwanza nililodai ni kuonyeshwa ile ndimu. Muuguzi alikataa, mimi nikapiga kelele, asistan akaja na beseni mwenyewe. Nikamwambia aipasue mbele yangu tutoe maziwa ya wifi. Akaipasua. Ndani kulikuwa kweupe, kugumu, kisu kikikwaruza kama kwenye pera bichi. Halikutoka tone.

"Hii hakuna muntu alikupatia," akasema. "Inaitwa kansere. Ni nyama ya mwili wako yenyewe imekataa kusikia." Akatazama dirishani walikopita wapiganaji, akashusha sauti. "Imefanya rebeliyo."

Nilimwelewa, kwamba mwili wangu umeniasi, na bado sikumwamini. Nilijiambia sumu imekauka tu. Mtu hawezi kuacha kwa siku moja kitu alichokitangaza mwaka mzima.

Siku ya nne nikiwa kitandani, wifi yangu aliingia wodini. Nilidhani ni homa. Alikuwa amesikia kwa wachungaji kwamba nimekwenda kupasuliwa, akateremka mlima, akavuka vizuizi vyote peke yake, miguu imevimba. Pale hospitali chakula huletwa na ndugu, na mimi nilikuwa nikiishi kwa huruma ya wagonjwa wengine. Akapika maharage. Akaleta sahani, akakaa mbele yangu, akala kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, akinitazama usoni. Ndipo akanisogezea. Nikala. Sikusema asante, naona haya kukiri hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alinihudumia bila neno. Ila muuguzi alipokuja kubadilisha bandeji, wifi alisogea karibu mno, akaanza kuuliza maswali, yeye asiyeulizaga kitu. Ilianza ikiwa kubwa kiasi gani? Inauma mchana au usiku? Ile sindano, ulisikia nini? Kidonda kitafunga siku ngapi? Mimi nikawaza, tazama mchawi huyu, amekuja kukagua kazi yake. Siku ya tatu ya maswali hayo nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mbele ya wodi nzima anatafuta nini kwenye kifua changu.

Akangoja muuguzi aondoke. Akainama sikioni kwangu.

"Bulamu, minye pia iko."

"Nini iko?"

Akafungua kitenge chake, kidogo, upande wa ukuta. Ziwa lake la kushoto lilikuwa limevutwa ndani, ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa, na pembeni kidonda kilichojazwa majani.

"Tangu siku gani?" nikauliza.

"Mbele ya ile sikukuu. Munganga wa kule juu alinikataza maziwa, hata kuonja."

"Na mbona hukusema? Mbona hukuja hapa?"

Hakunijibu kwa hasira. Ningependa angenijibu kwa hasira. "Ningekuja namna gani? Weye ulikwisha kuambia watu karuho yangu inashika ziwa. Wakiona ziwa langu bovu, watasema imerudilia mwenyewe."

Nikatoka kitandani. Nyuzi zilikuwa bado mwilini, nikahisi moja inachanika, sikujali. Nilimshika mkono wa kulia, nikamburuta barazani nikiita, "Dokta! Dokta! Iko mwingine!" Nilikuwa na furaha, naomba mniamini, furaha ya kuchanganyikiwa, kwa sababu sasa nilijua njia. Nilijua hakuna karuho, nilijua sindano ni maji, nilijua kitu kinatoka na mtu anaamka anadai beseni. Nilimweleza yote hayo tukikimbia, na yeye akicheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka, akisema polepole, bulamu, utaanguka. Tulikuwa tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Niliingia kwa asistan bila kubisha hodi, nikamsukuma wifi mbele, nikasema, "Huyu pia. Leo."

Asistan alinawa mikono. Akapapasa ziwa, hakukaa hapo sana. Akapapasa kwapa, akarudia, akapanda hadi shingoni juu ya mfupa, akabaki hapo. Akamwomba wifi avae. Akavua miwani, akaifuta, na maneno yake alinielekezea mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikisema.

"Ungemuleta mwaka jana, mama."

Mwaka jana mimi nilikuwa barazani kwangu, nashona.

Alimpa vidonge vya maumivu na dawa ya kusafishia kidonda. Tulikaa pale hospitali wiki mbili zaidi, mpaka mimi nikapona, na siku ya kuachana, yeye akishika njia ya mlima, nilimwambia nitazunguka Kimanga nyumba kwa nyumba kusema nilikosea. Nitawaambia wote kwamba yeye ni mgonjwa kama mimi, ugonjwa uleule, ziwa lilelile, ili waone hakuna mwenye sumu. Nilikuwa nimekwisha kuipanga hotuba.

Alinishika midomo kwa vidole viwili. "Usiseme ziwa," akasema. "Wakiuliza, sema ni tumbo."

Nilizunguka kweli. Nilisema nilikosea, kwamba bulamu hana karuho, na wateja wakacheka, wakaniuliza amenilisha nini kule hospitalini. La kwanza waliliamini upesi, hili la pili hawakulitaka. Ziwa sikulitaja.

Wifi alifariki majeshi ya serikali yalipokwisha kurudi, mahindi ya bondeni yakiwa yamekomaa. Mume wangu naye alikuwa amerudi. Tulikaa matanga kwetu Kimanga kwa ajili ya watu wa mjini, na akina mama wakajaa barazani, walewale, kila mmoja na nguo aliyoshonewa na mimi. Waliimba, wakasali, wakanywa chai. Kisha mmoja wao, bila ubaya wowote, akaniuliza kilichomuua, na wote wakanitazama, kwa kuwa walikumbuka vizuri nani aliwaambia habari zake mara ya kwanza.

"Tumbo," nikasema.